Kuni Zilizoivisha Maharagwe

Kila mwaka, kozi yangu ya dini za dunia inapofika kwa Wahindu, ninaliandika neno dharma ubaoni kwa herufi kubwa kuliko mengine yote. Wanafunzi wanalipenda. Wengi wametoka katika familia za Kikatoliki, wamekua na amri za Mungu na katekisimu, na wanafurahi kusikia kwamba kuna watu ambao swali lao la kwanza si "nisadiki nini" bali ni "mimi, mahali nilipo na kwa umri nilio nao, nifanye nini ili dunia isimame?" Ninawaeleza kwamba neno lenyewe linatokana na kushika, kushikilia kitu kisianguke. Moto una dharma yake, nayo ni kuunguza. Maji yana yao, ni kutiririka. Mfalme analinda, mwenye nyumba analisha wageni, na mwana wa kiume anawasha moto unaomchoma baba yake siku ya kumuaga. Hapo salle nzima ya wanafunzi hucheka kwa woga. Nami hucheka nao, kisha tunaendelea.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliuliza: na kama hiyo kazi inayokupasa inakutia aibu mbele ya watu? Nilimjibu bila hata kukohoa. Nikasema mtu wa dharma haangalii atapata nini, sifa au matusi. Anafanya kwa sababu ni yake kufanya, na mambo ya watu anawaachia watu. Lilikuwa jibu zuri. Niliwaona wakiliandika, nikasimama kidogo nikiwangoja wamalize.

Wakati huo nilikuwa na jirani Mhindu, ukuta kwa ukuta, huko kwetu Bagira. Wahindi wengi wa Bukavu wanakaa mjini, juu ya magazini zao, yaani maduka. Huyu alijenga kwetu, akawa anashuka kila asubuhi kwenda kuuza vitenge na vitambaa vya mapazia, jioni anarudi na mkate kwapani. Watu walimwita Muzee Muhindi, naye aliitika. Mke wake alijifunza Kiswahili kwa wamama wanaouza sombe, majani ya mihogo, njiani, kwa hiyo alikisema cha Bagira hasa, na mara nyingi alinisahihisha mimi ninayejitia kuongea cha vitabu. Mtoto wao mmoja tu, wa kiume, yuko ng'ambo.

Nilijaribu mara nyingi kuongea na mzee habari za dharma. Nilikuwa na maswali yangu ya profesa: dharma ya watu wote, kama kusema kweli na kutodhuru, ikigongana na dharma ya mtu mwenyewe, ipi inashinda? Ananisikiliza kwa adabu, halafu ananiuliza kama paa langu bado linavuja. Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba bwana huyu ni mtu mwema lakini hana kina. Ndivyo nilivyosema, hana kina, na mke wangu akaendelea kuchambua mchele.

Baba yangu alipofariki, mzee alifunga duka lake na kuja nasi makaburini. Mvua ilinyesha. Kwao mtu mzima hafukiwi ardhini, na ninadhani kile tulichokuwa tukikifanya kilimwogopesha, lakini zamu yake ilipofika alichota udongo kwa mkono akautupa kaburini kama sisi, akasimama hadi mwisho huku maji yakimtiririka shingoni. Kisha akaketi na wazee chini ya turubai hadi jioni, bila kula kitu, kwa kuwa chakula chetu kilikuwa na nyama. Hakuna aliyemwomba afanye hayo. Alikuwa ananiita mwanangu tangu siku hiyo, na mimi niliona ni mazoea ya wazee tu.

Alikufa mwaka huu, majira ya mvua, alfajiri, kitandani mwake. Mke wake aliniita kupitia ukuta. Nilimkuta ameshamwosha na kumfunika nguo nyeupe, na alichotaka kwangu alikisema wazi: mume wake lazima achomwe, upesi, kesho asubuhi, kwenye kiwanja chao kule chini kuelekea ziwa, ambako walitaka kujenga depo ya bidhaa. Mtoto wao hawezi kufika, kwa sababu uwanja wa ndege umefungwa tangu vita ilipoingia mjini. Aliomba nimtafutie kuni na nimsindikize kwa mkuu wa mtaa. Nilijisikia mtu wa maana sana. Nilijua hata aina ya kuni, nilijua kichwa kielekee wapi, nilijua yote yaliyo kwenye kozi.

Kuni zilifika kabla ya saa sita, mikaratusi mikavu iliyopasuliwa vizuri, kamionete, gari dogo la mizigo, imejaa, tukazipanga uani kando ya ukuta. Mkuu wa mtaa naye hakutusumbua. Aliweka sharti moja tu, majirani waambiwe mapema. Watu wakiona moshi na mtu ndani yake bila kujua, alisema, wataleta fujo ambayo yeye hataweza kuizima. Akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa shirika letu, ile jumuiya ya kanisa inayokusanya nyumba za barabara yetu. Nikamwambia hiyo aniachie.

Msomaji asiyeishi kwetu anaweza kushangaa ugumu uko wapi. Kwetu anayechomwa ni mwizi. Mtu akishikwa usiku na simu au redio ya mwenzake, na hasira ikiwapanda vijana, wanatafuta tairi na petroli. Pale njia panda lami imeungua na hakuna anayependa kuikanyaga. Nimewahi kupita pale asubuhi yake, leso puani, nikienda kufundisha. Kwa hiyo neno kuchoma, likiwekwa pamoja na neno mtu, lina harufu. Na mimi ndiye nilipaswa kusimama mbele ya watu ninaowasomea masomo ya misa na kuwaambia kwamba kesho tutamchoma Muzee Muhindi, nami nitakuwa mmoja wa wachomaji.

Shirika lilikutana saa tisa. Nilisimama. Nikatangaza kifo, nikaomba sala, nikasifu wema wa marehemu, na hayo yote nilisema vizuri mno. Halafu nikasema mazishi ni kesho asubuhi kwenye kiwanja chake. Mazishi, nilisema. Nilikuwa na sentensi nyingine imetayarishwa, ilikuwa kabisa mdomoni, lakini nikaona mama mmoja anapangusa macho, mwingine anavunja majani ya kukalia, nikafikiri watanitazama vipi. Nikamaliza kwa ishara ya msalaba. Kisha nikashuka mjini, nikijidanganya kwamba ninatafuta mtandao mzuri wa kuongea na yule mtoto wa ng'ambo.

Niliporudi jua lilikuwa linazama. Harufu ilinipokea kabla sijafika kwenye geti: sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zinakaangwa. Uani mwa Muzee Muhindi walikuwa wametundika turubai, viti vimekodiwa, wamama wa shirika wameleta masufuria makubwa ya kilio, maharagwe yanachemka, fufu, ugali wa mihogo, inasongwa. Walikuja kama tunavyokwendaga kwa kila msiba, kila nyumba na kikapu chake, ili mfiwa asiguse jiko. Mke wangu alikuwa ameinama mbele ya sufuria kubwa kuliko yote, uso umemng'aa kwa joto.

Aliniona, akafurahi. "Hawa balijitayarisha muzuri," akaniambia. "Angalia kuni. Ziko kavu, haina hata moshi."

Nikatazama ukuta. Palikuwa peupe. Vilikuwa vimebaki vigogo vichache vinene visivyoingia chini ya sufuria, na mama mmoja alikuwa anatafuta shoka. Niliketi kwenye kiti cha kukodi. Nilitaka kucheka, kwa kweli, na kama ingekuwa kwa jirani mwingine ningecheka hadi leo: kuni za kumchoma mtu zimeivisha maharagwe ya kumlilia. Lakini ni mimi niliyeziacha pale bila neno, na hawa wamama, wakiona kuni nzuri zimepangwa kwenye nyumba ya msiba, wangefikiri nini kingine? Wangekuwa wajinga kama wangeziacha.

Niliingia ndani kwa mjane. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mume wake, madirisha yamefungwa kuzuia harufu ya samaki. Katika nyumba ile samaki hakuwahi kuingia. Na desturi yao, kama ninavyofundisha kila mwaka, ni kwamba moto wa jikoni hauwashwi mradi maiti bado yuko nyumbani. Nilianza kueleza habari ya kuni. Akanikatiza taratibu.

"Niliona," akasema. "Tangu saa kumi niliona. Nilifikiri ulibaambia, na hii ndiyo jibu yao."

Sijui kama nimewahi kusikia aibu ya namna ile. Ilinishika masikioni kwanza, yakawa moto, halafu ikashuka miguuni. Mwanamke huyu alikuwa ameketi saa mbili nzima na maiti ya mume wake, akisikia kuni zinapasuka nje, akidhani majirani wa maisha yake yote wanaunguza kuni zile kwa makusudi ili mume wake asichomwe, na wanakaanga samaki juu ya moto wa kuni hizo. Na hakuwa ametoka kulalamika. Aliona ni wageni wake. Nilipaswa kupiga magoti palepale na kumwambia kwamba hakuna aliyemkataa, kwamba mimi ndiye sikusema. Nilichosema ni: "Ngoja nikaongee nao." Nikatoka kama mtu mwenye kazi nyingi.

Nje nikasimama katikati ya masufuria, na safari hii nilisema. Nilisema kwamba zile kuni zilikuwa za kumchoma marehemu, kwamba kwao ndivyo mtu mwema anavyoagwa, kwamba mkuu wa mtaa anajua. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya mtoto anayetumwa. Mwiko wa fufu ukasimama. Mama mmoja akarudia lile neno, kuchoma, halafu akauliza kama mwizi? Wengine walijifunga vitenge vyao na kuondoka na vikapu vyao, bila kuaga, na sikuwalaumu. Mke wangu alichukua vitambaa viwili, akaliepua lile sufuria kubwa peke yake, akamwaga maji juu ya moto, akaanza kutoa kuni zilizoungua nusu na kuzilaza kwenye majani, moja moja.

Rais wa wamama wa shirika, mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu mlima mzima, alikuwa ameketi akifikiri. Huyu nilimwogopa kuliko wote. Aliniuliza kwa nini sikuwaambia saa tisa. Nikasema sikupata nafasi. Alinitazama hadi nikaangalia pembeni, kisha akawaambia wenzake:

"Mutu anaendaka mu njia ya babu yake. Huyu Muzee hakukuyaka kutuambia namuna ya kuzika batu betu."

Halafu akaenda ndani, akapiga magoti mbele ya mjane, akaomba msamaha kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya kuni. Nilimsikia nikiwa mlangoni. Mjane alimshika mikono, wakalia wote wawili. Mimi nilikuwa nimeegemea mwimo, na kila mtu aliyepita alinipisha kwa heshima, Papa Profesa, pardon. Ningependa wangenisukuma.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, ni hatua chache tu. Mke wangu alitembea mbele. Mlangoni aligeuka akaniuliza, bila hasira, kama niliogopa watu watasema nini. Nilitafuta jibu la maana. Ninaweza kuongea saa mbili juu ya wajibu, juu ya zile hatua za maisha ya Mhindu, mwanafunzi, mwenye nyumba, mzee anayeachia wengine mali, na sikuweza kumjibu mwanamke niliyemuoa kwa nini neno moja lilinishinda. Aliingia ndani, akavua kitenge kilichonuka moshi.

Asubuhi wamama walikuja na kuni. Si wote, ninadhani nusu ya shirika walibaki majumbani na milango imefungwa. Waliokuja walibeba mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mihogo kutoka shamba. Walileta walichonacho: nguzo za uzio, mbao za kitanda kilichovunjika, mlango wa jiko la zamani, matawi ya mparachichi ambayo bado yalikuwa mabichi kidogo. Mke wangu alibeba zile kuni za jana zilizoungua nusu, na masizi yakampaka shingo. Wanaume tulimbeba mzee kwenye machela ya mianzi hadi kiwanjani. Nilijiweka nyuma, kwenye kona ambayo mtu wa barabarani haoni vizuri sura yangu.

Nilishika kazi ya simu. Mtoto wa ng'ambo alitaka kuona, na mtu alipaswa kumwelekezea, nami nikajitolea haraka kwa sababu simu ikiinuliwa inaficha uso. Tulipanga kuni, tukamlaza mzee juu, mjane akamimina samli. Yule mtoto alilia kwenye kioo kidogo, akaongea na mama yake kwa lugha yao, halafu picha ikaganda na mtandao ukakatika. Tulingoja. Haukurudi.

Mjane alichukua mwenge uliotiwa samli, akaja moja kwa moja kwangu. Aliniambia kwamba ni mtoto wa kiume anayewasha, na kwamba mzee alikuwa ananiita mtoto. Hakuniomba, aliniambia tu. Niliutazama ule mwenge. Nilitazama barabara pia, nakiri, na nilimwona mke wangu akiona kwamba ninatazama barabara. Nikaupokea. Nikazunguka zile kuni kama nilivyojua inavyotakiwa, nikapeleka moto kwenye mbao za kitanda, zikashika, kisha kwenye mlango wa jiko. Yale matawi mabichi yalileta moshi mzito, mweusi, ukapanda juu ya Bagira yote.

Sikupata utulivu niliowaahidi wanafunzi wangu. Nilifanya kilichokuwa changu kufanya, na muda wote nilikuwa nikihesabu macho. Pengine dharma haijali mtu anajisikiaje akiifanya, na moto unawaka hata ukiwashwa na mwoga. Hilo sikulijua siku ile, na hata leo ninalisema kwa sauti ndogo.

Ndipo pikipiki ikasimama barabarani. Dereva wake, kijana wa kubeba abiria, alikuwa ameona moshi na watu wamezunguka. Alisogea hadi ukingoni mwa kiwanja. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, tena na mwenge mkononi, kwa hiyo aliniuliza mimi.

"Papa, munachoma mwizi wa wapi?"

Wote walisikia. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kweli, na yote yalikuwa marefu. Nilikuwa bado ninachagua la kuanza nalo pale mjane alipogeuka kutoka motoni.

"Haiko mwizi," akasema. "Ni bwana yangu."

Kijana akavua kofia ya pikipiki akaishika kifuani. Aliinamisha kichwa, akamwambia maman amsamehe, hakujua. Na kweli hakuwa anajua kitu. Alikuwa anapita tu, akitafuta mteja. Mjane alimjibu kwamba hakuna neno. Jana rais wa wamama alikuwa ameomba msamaha, na sasa huyu kijana wa njiani ameomba. Mimi nilikuwa nimesimama kati yake na mjane, niliyejua yote tangu mwanzo, na nilikuwa bado sijaomba.